Binti ana miaka 11 na kila kitu namfanyia mimi, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mikindani, Mtwara, nalifupisha. Binti yake ana miaka 11, wakati wa kuzaliwa alichelewa kulia, kutembea kaanza na miaka mitatu, maneno anayo machache. Darasa la kwanza alikaa mwaka mmoja alafu mwalimu akamwambia mama akae naye nyumbani "mpaka akili ikae sawa". Sasa yuko ndani tu, anaogeshwa, anavalishwa, analishwa, na wageni wakipiga hodi anakimbilia chumbani. Mama anauliza: atajifunza kweli au nimeshachelewa, nianze na a e i o u au na kitu gani, na huyu bibi yake anayetaka achezwe unyago mwaka huu na wenzie nimjibu nini.

Marahaba dada yangu. Nakujibu kama mwalimu wa elimu maalumu ambaye watoto wa hivi ndo kazi yangu huku kusini, na nitakwenda kwa urefu maana maswali yako matatu mimi naona yanashikana.

Hujachelewa. Ila hiyo akili unayoambiwa uisubiri ikae sawa, usiisubiri. Ulemavu wa akili hauondoki kwa kukaa ndani wala kwa dawa, maana yake ni kwamba mtoto anajifunza taratibu kuliko wenzie, anahitaji jambo moja arudie mara nyingi sana, na vitu visivyoshikika kama kesho, hesabu za kichwani, au ukimwambia tu "kuwa makini", hivo vinamchanganya kuliko vitu anavyoviona na kuvigusa. Lakini kujifunza anajifunza, akiwa na 11 anajifunza, akiwa na 20 na 30 bado anajifunza. Kwahiyo yeyote anayekuuzia dawa ya kuongeza akili, iwe ya chupa au ya mganga, hela yako ibaki kwako. Na wale wanaosema ulivunja mwiko wakati wa mimba uwaache, mtoto akichelewa kulia inawezekana ubongo umekosa hewa ya kutosha kwa mda, na kwa ulivyoeleza huenda hiyo ndo sababu, wala sio kosa lako.

Kabla ya somo lolote mpeleke hospitali ya Ligula, ile ya rufaa ya mkoa wetu, wamwangalie masikio na macho. Nasema hili kwanza kwa sababu watoto wengi wanaitwa wazito kumbe sikio limejaa usaha tangu wakiwa na miaka miwili, haelewi unachosema kwa sababu hasikii nusu ya unachosema. Waulize pia kuhusu kifafa, hasa kama kuna wakati anaganda ghafla, macho yamekodoa sehemu moja, ukimwita haitiki, alafu baada ya mda mfupi anaendelea kama hakuna kilichotokea. Sio kila kifafa cha kuanguka. Dawa zake zipo, zinamezwa kila siku, na hazikatishwi eti kwa sababu mwezi umepita salama, anayeamua kuzipunguza ni daktari.

Haya, tuje kwenye somo lenyewe. Ukiangalia siku nzima ya binti yako tangu anaamka mpaka analala hakuna jambo hata moja analolimaliza mwenyewe, yote yanamalizwa na mikono yako. Wewe unafanya kwa mapenzi na kwa haraka za asubuhi, nakuelewa kabisa, una watoto wengine, una mihogo ya kumenya, ukimwacha avae mwenyewe jua linapanda. Lakini yeye anachojifunza kila siku ni kwamba akitulia kimya nguo inakuja yenyewe mwilini, na mtoto aliyefundishwa hivo miaka 11 hawezi kujiamini mbele ya wageni, atajiamini kwa lipi? Herufi zitakuja, tutazifikia, ila sio za kwanza.

Chukua gauni. Wewe unaona kuvaa gauni ni kitu kimoja, kwa binti yako ni vitu vitano: kulishika upande ulio sawa, kuingiza kichwa, kutoa mkono wa kulia, kutoa mkono wa kushoto, kulivuta mpaka chini. Ukianza kumfundisha cha kwanza atahangaika na shingo ya gauni, atachoka, utamalizia wewe, na kitakachobaki kichwani mwake ni kwamba alishindwa na mama akaokoa. Sasa geuza. Mvalishe yote kama kawaida, kichwa, mkono, mkono, alafu gauni likifika kifuani uliache hapo limekunjamana na utoe mikono yako. Sema neno moja, "vuta". Subiri. Akivuta likashuka, amevaa gauni, kalimaliza yeye! Mwambie hivohivo, "umevuta gauni mwenyewe", na uso wako umuonyeshe. Fanya hivo kila siku mpaka siku utakayotoa mikono tu na yeye anavuta bila kuambiwa, hapo sasa unaacha na mkono wa kushoto, anatoa mkono na kuvuta, wiki zinaenda, unaacha na wa kulia, unarudi nyuma hivo mpaka gauni liko kitandani na wewe uko mlangoni. Kila hatua anaanza karibu na mwisho, na kila mara anayemaliza ni yeye.

Kuoga ni hivohivo. Anza na kopo la mwisho la kujimwagia, au kujifuta kwa kanga, alafu rudi nyuma kwenye kusuuza, kwenye sabuni, kwenye kujisugua. Kuoga kuna vipande vingi kuliko gauni kwahiyo kutachukua mda mrefu zaidi, inaweza kuwa miezi, usishtuke.

Neno "subiri" nilivyoliandika hapo juu naomba ulisome mara mbili maana hapo ndo wazazi wengi tunapoharibu. Ukisema "vuta", lile neno linachukua mda kumfikia, alilinganishe na gauni, mkono uamke. Wewe unaona sekunde mbili kimya unaongeza "haya vuta basi mama, si nimekwambia shusha gauni", sasa yale ni maneno mengine kabisa, anaanza upya kuyasikiliza, akikaribia kuelewa umeshaongeza mengine. Sema mara moja, alafu hesabu moyoni mpaka kumi. Kumi ni ndefu, utatamani mkono uende, ushike hata kanga yako. Na nyumba nzima mtumie neno lilelile kwa jambo lilelile. Kama bibi yake anamsemesha Kimakonde na wewe Kiswahili hakuna ubaya, watoto wa hivi wanaweza kukaa na lugha mbili kama wenzao, ila kwa gauni lichagueni neno moja, wote mlitumie hilo.

Na kama kumi imeisha hajafanya, usimfanyie, mpe msaada mdogo unaotosha. Mdogo kabisa ni kuonyesha kwa kidole. Ikishindikana mguse kiwiko. Ikishindikana weka mkono wako juu ya mkono wake mvute pamoja. Kesho jaribu kupunguza, kama jana ulishika mkono leo gusa kiwiko. Akina mama wengi wanaacha kushika mapema lakini kusema hawaachi, miaka inapita mtoto anaoga vizuri tu ila kila hatua lazima asikie sauti ya mama, "haya sabuni, haya mguu, haya maji", siku mama hayupo mtoto anasimama na kopo mkononi. Sauti nayo ni msaada, iondoe.

Usifundishe mambo sita kwa mpigo. Marekani, jimbo la Wisconsin, kuna mji mdogo unaitwa Portage, mwaka 1969 walianza mpango wa kufundisha watoto wadogo wenye shida kama hizi majumbani mwao, kwa sababu kule ni mashambani, nyumba na nyumba mbali, kuwakusanya darasa moja haiwezekani. Mwalimu anakwenda nyumbani mara moja kwa wiki, wanachagua na mama kitu kidogo, mama anakifundisha siku zote zilizobaki, wiki ijayo wanaangalia kimefika wapi. Mpango ule ukasambaa nchi nyingi. Nakutajia kwa sababu tabu yao ndo yetu, mtu wa kijijini kama Msimbati hawezi kupanda bodaboda kila siku kumtafuta mtaalamu, na waliona kuwa mama akijua afanye nini anafundisha vizuri. Chukua daftari la mia tano, andika kitu cha wiki hii, kimoja cha mwili (gauni, kopo) na kimoja cha nyumba, basi.

Hicho cha nyumba sasa ndo kinachobeba suala la kujiamini, na hapa nina msimamo. Watu wanafikiri mtoto anajiamini akisifiwa. Tunampigia makofi kwa kila kitu, "hongera hongera", na binti wa miaka 11 hata kama akili yake ni nzito anajua makofi ya kweli na makofi ya kumbembeleza. Anachokosa ni kutegemewa. Mpe kazi ambayo asipoifanya nyumba inapungukiwa. Vikombe vya chai asubuhi, aviweke yeye, vingapi? Mpe vikombe vya rangi, kila mtu na cha kwake, asihesabu, aviweke kwa wenyewe. Siku akisahau usimuwekee, kaeni hapo na birika, "chai tunanywea nini?", mtazame, hesabu kumi. Ataondoka kwenda kuvifuata. Anavyorudi na vile vikombe na watu wote walikuwa wanamsubiri yeye, hakuna makofi yanayofikia hapo.

Kwetu msimu wa korosho ndo shule kubwa na tunaipoteza bure. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba huko mashambani nyumba nzima iko chini ya mikorosho, na mtoto kama huyu anaachwa kwa jirani. Mpeleke. Kuokota ni kazi inayojirudia, inaonekana kwa macho, haina mtihani, na hiyo ndo aina ya kazi anayoiweza. Anza naye mti mmoja, ndoo yake mwenyewe yenye rangi tofauti, aokote zilizoanguka. Akizoea mfundishe kunyonga korosho itoke kwenye bibo, yaani lile tunda lake, kwa njia ileile ya gauni, wewe legeza yeye amalizie. Baadae kuchambua, nzuri huku mbovu huku, ukimwekea moja ya mfano mbele ya kila ndoo. Kuchoma na kubangua usimpe, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi vibaya, na wakati wa kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho, akae mbali kama watoto wote. Na zikiuzwa apate chochote chake, mkononi mwake, mbele ya kaka zake.

Hela hiyo ndo hesabu yake ya kwanza. Usianze na moja jumlisha moja, anza na wanyama, noti zetu zimetusaidia: ya elfu mbili ina simba, ya elfu tano ina kifaru, ya elfu kumi ina tembo, na ile ya bluu ya elfu moja ni Mwalimu Nyerere. Mpe noti ya Nyerere na pakiti tupu ya chumvi, nendeni wote duka la jirani, mkabidhi muuzaji, pokeeni chumvi na chenji. Duka hilohilo, kitu hichohicho, siku nyingi. Alafu unabaki hatua kumi nyuma. Alafu unabaki kwenye kona. Kwanza ongea na muuzaji pembeni umwambie, "binti yangu anajifunza, akija mpe mda, usimuulize maswali mengi, chenji mtie mkononi umfumbe vidole". Wauzaji wetu wengi ni waungwana wakielezwa, tatizo huwa hatuwaelezi. Na chumvi yenyewe chagua iliyoandikwa ina madini joto, maana hii ya majarubani kwetu pwani mara nyingi haijatiwa, na upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito nao unaharibu ubongo wa mtoto, kwahiyo ni faida kwa wadogo zake watakaokuja.

Wageni. Anajificha kwa sababu ameshasikia mengi, dada, na tunaosema ni sisi. Mgeni anakaa tu kwenye mkeka mama anaanza, "huyu ndo hivyo, haelewi, hata kula mpaka nimlishe", na mtoto yuko hapo amesimama. Anaelewa! Maneno machache mdomoni haimaanishi machache masikioni. Kuanzia leo habari zake zisemwe akiwa hayupo, na akiwepo aongeleshwe yeye. Mfundishe jambo moja la wageni, kupokea mkoba, au kutoa mkono na shikamoo, hata kama inatoka "kamoo" ni salamu, iitikieni. Mgeni akikuuliza wewe "anaitwa nani huyu?" usimjibie, mgeukie binti, subiri kumi zako. Na watoto wa jirani wanaomwita zezeta, kwa kaka zake isiwe kesi ya ngumi, wambebe kwenye michezo yao, rede anaweza kurusha mpira hata kama kukwepa bado.

Shule. Yule aliyemwambia arudi nyumbani hakuwa na mamlaka hayo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa binti yako haki ya kusoma na hakuna shule ya kumkatalia kwa sababu ya ulemavu wake. Usiende kugombana na mwalimu wa darasa, pengine alikuwa na watoto mia na hajawahi kufundishwa namna ya kumfundisha huyu mmoja. Nenda halmashauri muone afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu, muulize shule zipi za msingi zina kitengo cha elimu maalumu na mwalimu aliyesomea, wapo waliopita Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu kule Arusha, alafu pita na kwa afisa ustawi wa jamii ili ajue mtoto yupo. Nenda na daftari lako. Ukimwonyesha "mwezi wa tatu alikuwa anavalishwa, mwezi wa sita anavaa mwenyewe" utasikilizwa tofauti na mama aliyekuja na machozi tu, japo na yenyewe yana haki yake. Kwenye kitengo ndo herufi zitakuja, na naomba zianze na jina lake, alijue likiwa limeandikwa kwenye ndoo yake, kwenye daftari, alafu alama za mjini kama choo cha wanawake na hatari.

Zitakuja wiki atarudi nyuma, atakataa, atalala chini na gauni liko kichwani. Angalia kwanza kama anaumwa, malaria haijifichi kwa mtu anayeongea lakini kwa huyu inaonekana kama ukaidi. Kama mzima, rudi hatua moja kwenye kile alichokuwa anakiweza, amalize, mwache. Viboko usitumie, anachojifunza kwenye kiboko ni kukuogopa wewe na gauni.

Sasa bibi na unyago. Nakushauri usikatae jumla, na usikubali jumla. Bibi anachotaka, nadhani, ni mjukuu wake ahesabiwe na wenzie, na hilo ni jambo jema ambalo wewe na mimi pia tunalitaka. Ngoma, nguo mpya, kusimama na wali wengine, wale mabinti wanaochezwa, watu wakimwona, apate. Somo la hedhi na usafi anahitaji kuliko wote, na lianze nyumbani sasa kabla damu haijaja, kwa vipande vilevile: kitambaa hiki, kinakaa hapa kwenye chupi, kinatolewa, kinafuliwa hapa, aone ukifanya, afanye kwa kitambaa kikavu. Mafundisho ya mambo ya wakubwa na ndoa hapana, na hapo usimtoe yeye kwa sababu ya ulemavu, toa kwa sababu ana miaka 11, hayo hayamfai mtoto yeyote wa umri huo.

Na yeye kuna la ziada. Mtoto aliyezoea kuvuliwa na kuvalishwa na kila mtu hajui kwamba mwili una mwenyewe, ndo maana watoto wetu hawa wanaumizwa kirahisi na wenye nia mbaya, na hawasemi. Kila hatua ya kuoga mwenyewe na kuvaa mwenyewe ni ulinzi. Mfundishe "hapana" kwa sauti na kwa mkono, na mumheshimu akiitumia hata kwenye vitu vidogo, akikataa uji akatae, maana "hapana" isiyosikilizwa mezani haitamsaidia kwingine. Mfundishe majina ya sehemu zake za mwili, na watu watatu wa kuwaambia akiguswa, wataje kila siku wakati wa kuoga mpaka awataje yeye, hata kwa kuwaonyesha kidole.

Kwahiyo kwa bibi jibu ni hili: asubiri, na akisubiri asikae bure, kungwi wa huyu mtoto atafutwe mapema na awe mwanamke anayemjua tayari, shangazi au jirani aliyemzoea, aje nyumbani mara kwa mara ajifunze yale maneno yenu, "vuta" na mengine, ajue kuhesabu kumi, ajue binti anaonyeshaje akitaka kwenda chooni na anaonyeshaje akiogopa. Siku ya ngoma huyo asimwache hata kidogo, na usiku binti alale nyumbani kwako.